Maswali na Majibu: Kupanga Kipindi cha Mazungumzo ya Kiingereza

Swali: Mimi huchagua mada wanazozipenda wanafunzi, kama safari na muziki, lakini baada ya dakika tano mazungumzo hukauka. Kasoro iko wapi?

Jibu: Mada peke yake haimlazimu mtu kuzungumza. Ukiwaambia wazungumzie safari, kila mmoja atatoa sentensi mbili na kunyamaza, kwa sababu hana anachohitaji kukijua kutoka kwa mwenzake. Wape kazi isiyoweza kukamilika bila kuulizana: mmoja awe na ratiba ya treni isiyoonyesha nauli, mwenzake awe na orodha ya nauli isiyo na saa za kuondoka, kisha wakubaliane wapande treni gani ili wafike kabla ya adhuhuri bila kuzidisha fedha walizopangiwa. Wasionyeshane karatasi, maana zikilazwa mezani kwa pamoja watasoma tu na midomo itafungwa. Mimi nikipewa andalio la somo, hutafuta kwanza jambo hilo moja: nani anahitaji kujua nini, na kutoka kwa nani.

Swali: Wanafunzi wawili hodari ndio wanaojibu kila kitu. Nifanye nini na walio kimya?

Jibu: Anza kwa kupima unasubiri kwa muda gani baada ya kuuliza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida walimu walisubiri takriban sekunde 1 tu, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Anayejibu kwa lugha ya kigeni hakika hahitaji muda mfupi kuliko huo. Kisha wape dakika chache waandike vidokezo, si sentensi kamili, wazungumze wawiliwawili, na baada ya hapo tu ndipo uliulize darasa zima.

Swali: Je, nisahihishe makosa papo hapo?

Jibu: Si yote. Katika utafiti wao wa 1997 kuhusu madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, Roy Lyster na Leila Ranta waliona kuwa njia iliyotumiwa zaidi na walimu, yaani kurudia kauli ya mwanafunzi ikiwa imesahihishwa, ndiyo iliyozaa marekebisho machache zaidi kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Ni rahisi mwanafunzi kudhani kwamba mwalimu anamwitikia tu. Kwa hiyo akisema “Yesterday I go”, mrudishie “Yesterday I…” na umwache amalizie mwenyewe. Wakiwa wawiliwawili, usiwakatize. Nukuu makosa daftarini, kisha uyaandike machache ubaoni bila kutaja wenyewe.

Swali: Nipige marufuku lugha yao ya kwanza?

Jibu: La. Maelezo ya zoezi gumu yakitolewa kwa lugha hiyo huokoa muda. Zoezi lenyewe ndilo lifanywe kwa Kiingereza.

Swali: Wakirudia zoezi lilelile hawatachoka?

Jibu: Hawachoki iwapo msikilizaji anabadilika. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, ameeleza zoezi ambalo mwanafunzi husimulia jambo moja kwa dakika 4, kisha kwa mwenzake mwingine kwa dakika 3, na kwa wa tatu kwa dakika 2, na kadiri muda unavyopungua ndivyo kusitasita kunavyopungua. Wanaoanza wanaweza kupewa dakika 2, kisha 1 na nusu, kisha 1. Msikilizaji naye adaiwe swali moja mwishoni, la sivyo atasinzia.