VPN au Remote Desktop: mhasibu aingieje kwenye kompyuta ya ofisi akiwa nyumbani?

SWALI: Ofisini tuna kompyuta moja ya Windows yenye programu ya hesabu na mafaili yote ya wateja. Nataka niifikie nikiwa nyumbani. Fundi mmoja ananiambia niweke VPN, mwingine anasema niwashe Remote Desktop na kufungua poti kwenye ruta, basi. Nimsikilize yupi? – Mhasibu, Arusha

JIBU: Huyo wa pili usimsikilize, angalau kwa hilo la poti. Poti ni mlango wenye namba ambao kompyuta hupokelea mawasiliano ya mtandao. Remote Desktop hupokea wageni kwenye poti 3389, na usiku na mchana kuna programu zinazozunguka intaneti nzima zikiitafuta poti hiyo na kubahatisha nenosiri. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) cha dosari ya BlueKeep, iliyomruhusu mtu kuingia kupitia huduma hiyo bila nenosiri lolote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba hata Windows XP, iliyoachwa kuhudumiwa tangu 2014, ilipewa kiraka. Kubadili namba ya poti hakusaidii sana, maana namba zote hukaguliwa.

Ila mafundi wako wanashindanisha vitu viwili visivyofanya kazi moja. VPN inaiingiza laptop yako kwenye mtandao wa ofisi kana kwamba umeichomeka waya pale pale; programu bado inaendeshwa na laptop, na data ndiyo inayosafiri. Remote Desktop inakuletea picha ya skrini tu na kupeleka unachobonyeza. Data haitoki ofisini.

Kwa programu ya hesabu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Programu inayotumia faili la pamoja husoma na kuandika vipande vidogo vidogo, na mara nyingi kila kipande husubiri jibu la kilichotangulia. Ndani ya ofisi jibu huja chini ya milisekunde 1. Kwa intaneti ya simu, tuseme ni milisekunde 50: vipande 2,000 vinakula sekunde 100, na kununua bando kubwa zaidi hakupunguzi kusubiri huko. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Kwenye Remote Desktop ukikatika, programu inaendelea ofisini. Ukiunganisha tena unakuta kazi ulipoiacha.

Kwa hiyo weka VPN, kisha pitisha Remote Desktop ndani yake. Windows ya ofisini iwe Pro, maana Home haipokei Remote Desktop. Ingia Settings, System, Remote Desktop, uiwashe. Utaulizwa nenosiri halisi la akaunti. PIN ya kufungulia kompyuta haikubaliwi, na wengi hukwamia hapo. Zima Sleep, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijaanza) chagua kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, la sivyo mtu atalazimika kwenda ofisini kubonyeza kitufe. Kwenye ruta, ipe kompyuta anwani isiyobadilika.

Kama ruta inaikubali WireGuard, aina mojawapo ya VPN, itumie. Kwa kawaida inakaa kwenye poti ya UDP 51820. Ndiyo, hiyo nayo ni poti iliyo wazi, lakini WireGuard haimjibu kabisa asiye na ufunguo, hivyo mpekuzi haoni kitu. Kama ofisi inatumia modemu ya laini ya simu, angalia kwanza anwani ya WAN, yaani ile ambayo modemu imepewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayofungua haitafikika. Hapo tumia Tailscale, huduma ya VPN ambayo haihitaji kufungua poti.

VPN ikisema imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, linganisha anwani. Anwani za nyumbani na za ofisini zote zikianza na 192.168.1, laptop inaitafuta kompyuta ya ofisi humo humo nyumbani. Badili za ofisi zianze, kwa mfano, na 192.168.57.

SWALI: Mimi nahitaji tu kuchukua PDF na Word mara moja moja. Nami niwashe vyote viwili? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, VPN pekee inakutosha. Nakili faili kwenye laptop kwanza, lifanyie kazi, kisha lirudishe. Usilihariri likiwa bado kwenye folda ya ofisi, hasa ukiwa safarini.