Hiyo Bullet haitaki nguvu, inataka ujue pistoni iko wapi

Mkuu, umesema una pikipiki ya Royal Enfield Bullet 350 ya miaka ya 1980, unapiga kiki mpaka shati linalowa, siku nyingine inawaka siku nyingine inakurudishia mguu, na sasa unataka kuiuza. Usiuze kwanza. Mimi ninayo kama hiyo, ya pointi (vile vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche ipige) na dekompresa (kiwiko cha kutoa hewa iliyobanwa kwenye silinda), na mwaka wa kwanza ilinidhalilisha kweli kweli, naruka juu yake kama mtu anayetwanga na miguu afu anatokea mtoto ananiuliza kama imekufa.

Kosa langu ndo hilo lako, nilidhani ni suala la misuli. Ile ni silinda moja, pistoni ya milimita 70 inayosafiri milimita 90, sasa we ukikanyaga tu popote ilipo unaikuta inapanda kwenye kompresheni, nguvu yote ya mguu inaishia kubana hewa, inafika karibu na juu haina kasi, cheche inapiga kabla haijavuka na moto unaisukuma irudi ilikotoka. Na ikirudi inarudi na kiki, na juu ya kiki kuna mguu wako.

Mimi nafanya hivi. Nyutro, koki ya mafuta wazi, choki kama injini ni ya baridi, na ekseleta siigusi kabisa. Nawasha swichi taa zikiwa zimezimwa, afu naangalia kile kisaa kidogo cha ameta, kipima umeme, pale juu ya taa ya mbele. Nashusha kiki polepole, kwa uzito wa mguu tu. Sindano itaangukia upande wa kutoa, yaani umeme unatoka kwenye betri, hapo pointi zimegusana na koili, ile inayotengeneza cheche, inakula umeme. Endelea taratibu mpaka kiki igome, unahisi kabisa kama umekanyaga jiwe, na sindano inaruka kurudi katikati. Hapo pointi zimefunguka, pistoni iko karibu kabisa na juu. Usipige! Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Vuta dekompresa, shusha kiki kidogo sana, kama vidole viwili, achia dekompresa, iache kiki ipande mpaka juu kabisa, kisha kanyaga moja ndefu hadi chini bila kukata katikati. Ukifanya hivyo injini inapata karibu mizunguko miwili ya kukusanya kasi kabla haijakutana na kompresheni tena, na ikikutana nayo inaivuka. Yangu siku hizi ni kiki moja, mbili kukiwa na baridi.

Kuhusu ekseleta, najua mkono unakuwasha uizungushe, lakini iache. Ukiifungua, ile silaidi ya kabureta inapanda, hewa inapita kwa uvivu, haina nguvu ya kunyonya petroli, unabaki unapiga hewa tupu.

Sasa hiyo ya kurudisha mguu hata ukifuata utaratibu, usiichukulie poa. Mimi ilinirudia nikiwa nimevaa ndala (ndiyo, najua), kifundo kikavimba nikawa natembea kama bata. Kila niliyemuuliza akasema kabureta, nikaifungua na kuifunga wiki nzima, bure kabisa. Kumbe tatizo lilikuwa nyuma ya sahani ya pointi, kuna vile vyuma viwili vya edvansi vyenye springi, kazi yake kuwahisha cheche injini ikishika kasi na kuirudisha ikipunguza kasi. Vyangu vilikuwa na grisi ya zamani iliyokauka kama gundi, vimeganda vikiwa vimefunguka, kwa hiyo cheche ilikuwa inawahi hata kwenye kiki. Nikasafisha, tone la oili, nikaweka nafasi ya pointi kati ya milimita 0.35 na 0.40 kwa fila geji (vile vibamba vya kupimia nafasi), basi, haijanirudia tena. Kwa hiyo we anza hapo kabla ya kabureta, na kama kuna fundi amekuwekea taiming, yaani wakati wa cheche kupiga, kwa kukisia, ipime upya.

Ikizama mafuta, yaani plagi inatoka imelowa na inanuka petroli, usiendelee kuitesa. Zima swichi, funga koki, zima choki, ekseleta yote wazi, shika dekompresa upige kama kiki sita za kuikausha, rudisha ekseleta, afu anza utaratibu mwanzo. Na betri uiangalie pia, maana cheche yake inategemea betri, ikichoka utaona moto mwekundu uliolegea badala ya wa bluu na hapo hata upige kiki na miguu miwili ni kazi bure.

Kesho asubuhi kabla hujakanyaga chochote angalia hiyo sindano, afu uje useme ilirudi katikati au ililala tu.