Muulize Fundi: Majina yapo, PDF hazipo

*Salaam aleikum kaka Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa masters, nyumbani ni Langoni hapa Lamu, utafiti wangu ni wa mafundi wa majahazi wa Matondoni. Natumia Zotero, ile programu ya kutunza marejeo ya utafiti, tangu mwaka jana na nina PDF kama mia nne hivi, zingine nimedaunlodi, zingine ni karatasi za watu nimezipiga picha kwa simu. Sasa majina yalikuwa yananikera, manake faili zaitwa download (14), fulltext, scan0031, huwezi kujua ipi ni ipi, basi usiku mmoja nikaingia kwenye folda yao nikabadilisha kama sitini kwa mkono. Asubuhi nabonyeza ndani ya Zotero, naambiwa faili haipatikani. Nikasema hamna shida si nimesinki, nikaenda kwa shemeji nikaingia na akaunti yangu kwenye kompyuta yake, vichwa vyote vikaja na waandishi wote, lakini PDF nyingi hazifunguki, hata zile ambazo sikuzigusa! Supavaiza anataka sura ya 2 mwisho wa mwezi. Kazi imepotea ama?*
*Dada wa Langoni*

Waaleikum salaam dadangu. Tulia, hakuna kilichopotea, zote ziko kwenye laptopu yako hapo hapo. Lakini una matatizo mawili tofauti yaliyokuja siku moja, ndo maana umechanganyikiwa.

La kwanza ni hizo sitini. Zotero haiweki PDF zako zote rundo moja. Ndani ya folda yake kuna folda nyingine inaitwa storage, na humo kila kiambatisho kina chumba chake chenye jina la herufi na namba nane zisizo na maana yoyote, kitu kama K7PX2MQD. Halafu pembeni kuna faili moja, zotero.sqlite, hio ndo daftari, imeandika kwamba kitabu fulani PDF yake iko chumba fulani na yaitwa jina fulani. Wewe ukaingia chumbani usiku ukabadilisha jina bila daftari kujua. Ni kama yule kijana wa punda umemwambia mzigo upelekwe kwa Bi fulani pale Mkomani, kafika mtaa wenyewe, mlango wenyewe, lakini aliye ndani anasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Atasimama na saruji yake mpaka magharibi.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini yafanya kazi. Bonyeza ile PDF ndani ya Zotero, ikikwambia haiioni itakupa kitufe cha Locate, kibonyeze, nenda kwenye chumba chake, ionyeshe faili, basi. Sitini ni kazi ya jioni moja na birika la chai ya tangawizi. Kama bado wayakumbuka majina ya zamani waweza pia kuyarudisha, ila sidhani kuna mtu anakumbuka scan0031 ilikuwa ipi.

Na tangu leo usibadilishe majina kwa nje, mwambie Zotero aibadilishe mwenyewe. Bofya kulia kwenye PDF, utaona mstari unaoanza na Rename File, ukiubonyeza faili inapewa jina kutokana na maelezo ya kitabu chenyewe: mwandishi, kistari, mwaka, kistari, kichwa. Waweza kuchagua nyingi kwa pamoja ukashikilia Ctrl. Kichwa kikiwa kirefu anakikata kwenye herufi 100, na alama kama nukta pacha na kiulizo ambazo Windows haizitaki kwenye jina la faili anaziondoa mwenyewe. Kama hupendi mpangilio huo, kwenye Settings waweza kuubadilisha, uanze na mwaka ukitaka. Mimi nimeuacha ulivyo, sioni faida ya kuuchezea.

Kuna mambo mawili hapo watu hukwama. Moja, lile neno unaloliona chini ya kitabu, PDF ama Full Text PDF, hilo ni lebo tu, si lazima liwe ndo jina la faili, kwa hivo mtu anabadilisha lebo halafu anashangaa huko kwenye folda mbona bado ni download (14). Pili, zile picha zako za simu. Hizo hazina maelezo, Zotero hawezi kujua ni karatasi gani, na PDF inayoelea peke yake bila kitabu juu yake haina pa kuchukulia jina. Bofya kulia, chagua Create Parent Item, jaza mwenyewe nani kaandika, mwaka gani, kichwa, kisha ndo ubadilishe jina. Ukisahihisha mwaka ama mwandishi baadaye, angalia kama jina la faili limefuata, kama halijafuata bofya tena.

Hapo kwenye mwandishi niongeze kitu kinachotuhusu sisi wa pwani. Programu hizi zimezoea jina la kwanza na jina la ukoo, mbili basi. Ukiingiza fulani bin fulani bin fulani, la mwisho ndo linakuwa ukoo, na hilo ni jina la babu yake maskini, faili zinapangwa kwa babu. Kando ya sehemu ya jina kuna kitufe kidogo kinachogeuza visanduku viwili kuwa kimoja, tumia hicho, andika jina lote kama wenyewe wanavyolitamka. Na chagua tahajia moja ushikamane nayo, manake nimeona mtu ana Mazrui, al-Mazrui na El-Mazrui, mwandishi mmoja huyo huyo, faili zake ziko pembe tatu za dunia.

Sasa tatizo la pili, kompyuta ya shemeji. Akaunti ya bure ya Zotero inakupa MB 300 za kuweka faili. Vichwa, waandishi, noti, hivo vyasinki bila kikomo, ndo maana umeviona vyote. Lakini PDF mia nne, tena za picha za simu ambazo moja yaweza kuwa MB 20, MB 300 ziliisha zamani na kilichobaki hakikupanda. Ukiangalia juu kulia kwenye laptopu yako nadhani kuna kialama kinakulalamikia na wewe umekizoea. Waweza kulipia nafasi, GB 2 ni dola 20 kwa mwaka, ama ukatumia seva ya WebDAV, yaani hifadhi yako mwenyewe ya faili mtandaoni, kama unayo. Ama uamue kwamba PDF zikae kwako tu uzime kusinki faili, hilo pia ni sawa, bora ujue ndo umeamua hivo.

Lakini hata ukilipia usiseme sasa una bakapu. Kusinki ni kioo. Ukifuta huku, kule inafutika. Kitu ulichofuta kinakaa kwenye Trash, na kwa kawaida baada ya siku 30 kinaondoshwa kabisa, na mashine zote mbili zitakubaliana vizuri kabisa kwamba hakipo.

Hapa nikwambie yaliyonipata mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilikuwa natoka Mokowe, kusi inavuma, boti imejaa, begi nimeliweka miguuni kwa ujinga wangu. Wimbi moja tu. Laptopu ikafa palepale, nami nikawa nacheka na abiria wenzangu manake nilikuwa na fleshi mfukoni, PDF zangu zote nimezikopi wiki ile ile. Nimefika nyumbani, nimeazima kompyuta, nimefungua fleshi, PDF zote zipo kweli. Lakini safi. Nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Hakuna mstari wa njano hata mmoja, hakuna noti hata moja, miezi minane nimekaa napiga rangi na kuandika pembeni "hapa anasema uongo, linganisha na yule", hakuna kitu.

Sababu ni kwamba tangu Zotero ya 6 iliyotoka 2022, ukisoma PDF humo humo ndani ukipiga rangi ama kuandika, alama hazikai kwenye PDF, zinakaa kwenye daftari, ile zotero.sqlite. Mimi nilikuwa nimebeba vyumba nikaacha daftari. Ukitaka PDF yenye alama zako ndani, labda ya kumpelekea supavaiza, bofya kulia utumie Export, nakala itakayotoka inakuja na rangi zake. Lakini kwa bakapu, beba folda nzima ya Zotero, usichague chague.

Inapokaa: kwenye Windows kwa kawaida ni C, Users, jina lako, Zotero. Ukiwa na shaka nenda Settings, Advanced, bonyeza Show Data Directory itakufungulia yenyewe. Funga Zotero kwanza, uifunge kabisa, usikopi daftari wakati mtu analiandika. Kukopi vijifolda mia nne kwenye fleshi kunachukua muda mrefu kuliko unavyodhani na stima yetu unaijua, kwa hivo mimi naikunja zipu kwanza, inakuwa faili moja, naipa jina lenye tarehe, zotero-2025-03-14, mwaka mbele ili zijipange zenyewe. Fleshi ikikataa ikisema faili ni kubwa mno na wakati nafasi unaiona, ni kwamba imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa diski, hio haipokei faili moja ya zaidi ya GB 4, ifomati exFAT (uviondoe vilivyomo kwanza tafadhali, kufomati kunafuta vyote, nisije nikapata barua nyingine).

Zipu moja iweke nyumbani, nyingine mpelekee ndugu yako wa Malindi kama unaye, ama uipandishe Google Drive, wanakupa GB 15 bure. Zipu nimesema. Ile folda hai yenyewe usiiweke ndani ya Dropbox wala OneDrive wala Drive, hizo zinaigusa daftari ikiwa wazi na siku moja utaikuta imeharibika.

Na kwa shemeji hujamaliza kazi, tumia kompyuta yake kujaribu kama hio bakapu kweli yafanya kazi. Usiingie na akaunti, funga Zotero yake, kunjua zipu uweke folda yako pale inapotakiwa (ya kwake kama anayo iondoe pembeni kwa adabu), fungua, chagua PDF tano za mbali mbali uone kama zafunguka na rangi zipo. Ukishaziona, mrudishie ya kwake.

*Bwana Fundi, PDF zangu niliziweka diski ya nje na Zotero inaziunganisha tu, haijazikopi. Diski ilikuwa D, nimenunua laptopu mpya imekuwa E, sasa zote zimekufa. Niko Shela.*

Bwana wa Shela, hazijafa. Zotero amekariri njia nzima kuanzia D. Haraka haraka, Windows kwenye Disk Management inakuruhusu kuirudishia diski herufi D, Zotero utaona anazinduka. Kisha Settings, Advanced, kuna sehemu ya Base Directory kwa faili za kuunganisha, muonyeshe folda mama, hapo atakariri njia kuanzia folda ile, na diski ikiitwa Z kesho hutajua. Ila faili za namna hio hazisinki na wala hazimo kwenye ile folda niliyomwambia dada wa Langoni aikunje, kwa hivo wewe bakapu zako ni mbili.

*Fundi, nimeona faili inaitwa zotero.sqlite.bak, naweza kuifuta? Inakula nafasi.*

Iache.