Ukiitwa Ukumbi wa Msekwa, nenda na kifungu

Mara ya kwanza chama chetu cha makandarasi wa kanda kuitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Bajeti, katika Ukumbi wa Msekwa pale bungeni, tulikwenda watu kumi na mmoja, suti zimepigwa pasi, mkononi kurasa ishirini na tatu za malalamiko. Tukapewa dakika kumi. Mwenyekiti wetu, mzee anayeijua lami kuliko wengi hapa Dodoma, alitumia sita kuwasalimu waheshimiwa na kueleza umuhimu wa sekta ya ujenzi kwa taifa. Alipofika kwenye malipo yanayochelewa, mbunge mmoja akainua mkono.

"Mzee wangu, tumekusikia. Mnataka tubadilishe kifungu kipi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa nacho.

Nimekuwa kwenye kamati ya sera ya chama tangu siku ile, na swali hilo ndilo ninalowauliza makandarasi wenzangu wanaponipigia simu saa nne usiku kulalamika. Kifungu kipi? Mbunge hawezi kuipigia kura huzuni yako. Anachoweza ni kupeleka jedwali la marekebisho lenye maneno ya kufuta na maneno ya kuweka, na mwenye kumwandalia maneno hayo ni wewe. Siku hizi huna kisingizio cha lugha, kwa sababu tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu.

Chukua kilio chetu kikubwa, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Una cheti cha malipo, hati inayothibitisha kazi uliyofanya na fedha unayodai, cha shilingi milioni 100, mhandisi mshauri ameshasaini. Ukitoa ankara, VAT ya asilimia 18, yaani milioni 18, inahesabika mwezi huo huo, na ritani, yaani taarifa yako ya kodi, inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja, tuseme ni ofisi ya umma, anaweza kukulipa baada ya miezi saba. Ofisa wa kodi atakwambia utoe kwanza VAT uliyolipa kwenye manunuzi. Sawa, saruji na nondo zina risiti. Lakini mchanga niliununua kwa mwenye tipa ambaye hajawahi kuiona mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na vibarua hawana VAT. Kinachobaki unakopa benki ili uilipe Serikali kodi ya fedha ambazo Serikali yenyewe haijakupa.

Ukilisema hivyo kwa mdomo, ni hadithi. Tulipoamua kulifanya ushahidi ndipo tukagundua ugumu uko kwetu wenyewe: wanachama waligoma kutoa vyeti vyao. Kila mmoja alihofia mteja akiona jina lake, tenda inayofuata ataisikia redioni. Ikabidi nishinde Jumamosi nzima kwenye steshenari moja karibu na soko la Majengo, nafunika majina kwa vipande vya karatasi nyeupe kabla ya kila kopi, kijana wa mashine ananiangalia kama mtu anayeghushi vyeti vya ndoa. Tukapata vyeti kumi na vinne. Tukavipanga kwenye jedwali la safu tatu: tarehe ya cheti, tarehe VAT ilipolipwa, tarehe fedha zilipoingia benki. Safu ya tatu ilikuwa na nafasi tano tupu. Hizo nafasi tupu zilisema kuliko hotuba yoyote tuliyowahi kuandika.

Kuhusu muda, wengi tunachelewa. Tunaamka Juni, bajeti imeshasomwa, Muswada wa Sheria ya Fedha uko mezani na sheria inatakiwa ianze kutumika tarehe 1 Julai. Hapo Serikali imeshapiga hesabu zake. Ukigusa mapato utaulizwa pengo litazibwa na nini. Maoni ya kodi yapeleke Wizara ya Fedha, kule Mtumba, miezi mingi kabla, wakati zabibu bado ziko shambani. Kwenye kamati uende kukazia jambo ambalo wataalamu wa wizara wameshalisoma.

Na usibishe hodi mlango usio wako. Ukomo wa miradi ya ujenzi inayotengwa kwa kampuni za wazawa ulipanda kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50, na namba hiyo imekaa kwenye kanuni zilizofuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Kanuni anasaini waziri. Nina mwenzangu aliyezunguka kwa wabunge wiki mbili akiomba kitu ambacho hakiko ndani ya sheria yenyewe. Mafuta ya gari yamekwisha, hoja iko palepale.

Kuna mwanachama alipendekeza tuwaandalie waheshimiwa chakula cha jioni, "kidogo tu, cha kufahamiana". Nilimuuliza kwenye vitabu vya chama tutaandika nini. Akanyamaza, na sisi tukaendelea na jedwali.

Mwaka uliofuata tulikwenda wawili, na kurasa mbili: moja ina kifungu kilivyo na tunavyopendekeza kiwe, ya pili ina vyeti kumi na vinne. Mzee alisalimu kwa sentensi moja, nadhani ilimuuma. Dakika nne zilitosha, sita zilizobaki zikawa maswali, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Mmoja alitaka kujua kwa nini zile nafasi tano ziko tupu. Mzee akamjibu, "Mheshimiwa, hizo bado tunazisubiri."

Kifungu hakikubadilika mwaka ule. Nilitoka pale na vumbi la Dodoma machoni, nimekasirika, nikawaambia wenzangu tumepoteza muda. Januari, niko saiti Nala tunamwaga zege la msingi, simu ikaita. Alikuwa ofisa wa kamati. Alitaka kujua kama lile jedwali la vyeti tumeliongezea vya mwaka huu.