Duka la rejareja Dodoma: kabla hujalipa kodi ya fremu, soma hili

Mbukwenyi wadau. Mdogo wangu mleta mada, umesema una milioni 12, unataka kufungua duka la mahitaji ya nyumbani jirani na Mji wa Serikali pale Mtumba kwa sababu wizara ziko kule, na unauliza utajuaje kama mpango wako unafanya kazi. Mimi nina duka Nkuhungu tangu 2018. Kabla yake nilikuwa na jingine Area D, nikalifunga baada ya miezi 11. Lile lililokufa ndilo lililonifundisha zaidi.

Nililifungua Septemba 2016, muda mfupi baada ya serikali kutangaza kwamba inahamia Dodoma. Mpango wangu wote ulikuwa kwamba wageni wanakuja na watanunua. Nikajaza juisi za boksi, siagi, vipodozi vya bei. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, niliuza sana, nikaongeza mzigo kwa mali kauli, yaani nachukua mzigo sasa, nalipa baadaye. Julai mtaa ukapoa, mali ikalala, na wa jumla wakawa wanapiga simu kila asubuhi. Wageni walikuja kweli. Nilichokosea ni kwamba sikuandika popote, kabla ya kufungua, namba ambayo ningeiona nikajua kuwa njia niliyoshika siyo.

Kwa hiyo anza na namba. Jumlisha gharama ambazo hazisubiri mteja. Tuseme kodi ya fremu 200,000, kijana wa duka 180,000, usafiri wa mzigo 80,000, umeme 60,000, leseni na kodi ya mapato ukigawanya kwa mwezi 50,000, ulinzi na usafi 30,000. Hiyo ni 600,000. Kwangu, katika kila shilingi 100 za mauzo, baada ya kutoa bei ya kununulia hubaki kama 12. Gawanya 600,000 kwa 0.12, unapata milioni 5: hayo ndiyo mauzo ya mwezi ya kufidia gharama hizo tu, karibu 167,000 kila siku, Jumapili ikiwemo. Hapo hujajilipa hata senti. Ukitaka kujilipa 400,000, unahitaji kuuza kama 278,000 kwa siku. Iandike ukutani nyuma ya kaunta, na uandike pia mwezi ambao ukifika bila kuifikia utabadilisha mzigo au utahama.

Hiyo 12 usiikisie milele. Kila mwisho wa mwezi funga mapema, hesabu mali yote. Mali ya mwanzo wa mwezi, jumlisha ulichonunua, toa iliyobaki: hiyo ndiyo gharama ya ulichouza. Itoe kwenye mauzo, uone faida, kisha igawanye kwa mauzo uone kama bado ni 12 kwa kila 100. Unga na mafuta unayopeleka nyumbani yaandike. Mimi kwa miezi mingi nilidhani kijana wangu ananiibia, kumbe ni mali iliyokuwa inakwenda jikoni kwangu. Nilimwomba radhi, na bado naumia nikikumbuka nilivyokuwa nikimtazama.

Sasa mzigo, na hapa wengi wanapotezwa na ushauri wa "uza vitu vyenye faida kubwa". Laki moja uliyoweka kwenye sukari ikileta faida 5,000 na mfuko ukaisha kwa wiki, ukaununua tena, kwa mwezi imeleta 20,000. Laki moja uliyoweka kwenye vipodozi ikileta 30,000 lakini ikakaa miezi mitatu, kwa mwezi ni 10,000. Sukari yenye faida nyembamba imeleta mara mbili ya vipodozi, na aliyefuata sukari ananunua na sabuni. Andika tarehe kwa maka peni kwenye kila katoni inapoingia. Inayofikisha siku 60 ishushe bei, irudishe pesa kwenye mzunguko, hata kama faida yote itaondoka.

Kuhusu Mtumba. Watumishi wengi wanafanya kazi kule lakini wanalala Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Nkuhungu. Mchana mtu wa ofisini anahitaji maji, vocha na chakula. Mchele na mafuta ananunua karibu na kwake akiwa anarudi. Usihesabu majengo. Kaa jirani na fremu unayoitaka kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, jioni tatu: siku ya kawaida katikati ya wiki, Jumamosi, na siku moja baada ya mishahara kutoka. Hesabu wanaopita wakiwa wamebeba mahitaji, na uangalie wametoka duka gani. Hao ndio soko lako. Wanaopita kwenye magari bila kusimama waache.

Ukishafungua, usilinganishe mwezi na mwezi uliotangulia. Huku kwetu Bunge likiondoka kuna mitaa inapoa, wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wakifunga chuo kuna mitaa inabaki kimya, na wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, wenye mashamba pesa yao iko ardhini hadi wavune. Linganisha Julai na Julai ya mwaka jana. Mwaka wa kwanza huna cha kulinganisha, basi hesabu wateja kwa siku, na mara ngapi uso uleule umerudi wiki hiyo.

Madeni hutayakwepa mtaani. Weka kiwango kwa kila nyumba, asiyemaliza la zamani hachukui jipya, na deni usilihesabu kama mauzo mpaka pesa iingie.

Katika milioni 12, mzigo wa kwanza usizidi 7, kwa sababu mwezi wa pili ndipo utakapojua watu wanataka nini, na utahitaji pesa ya kuwaletea. Mwenye fremu akitaka kodi ya mwaka, omba miezi mitatu au sita hata kama kwa mwezi itakuwa juu kidogo. Ukimaliza jioni zako tatu, leta hesabu hapa pamoja na kodi aliyokutajia, tuipige pamoja kabla hujamkabidhi pesa.