Asiyechekesha Naye ni Mchekeshaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na rafiki yangu huchekesha wageni katika harusi na sherehe nyingine hapa Arua. Yeye hujifanya mjinga, nami humhoji na kumkosoa bila kucheka. Sasa anadai theluthi mbili ya malipo kwa sababu watu humcheka yeye. Je, ni haki? – Msomaji, Arua.

JIBU: Ndugu msomaji, si haki, na historia ya kazi yenu inalipinga dai hilo. Katika kumbi za maonyesho za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, mwenzi makini, yaani yule anayehoji bila kucheka kama wewe, mara nyingi ndiye aliyelipwa zaidi. Wachekeshaji Bud Abbott na Lou Costello walipoungana katika miaka ya 1930, Abbott, aliyekuwa makini, alichukua asilimia 60 ya mapato, ingawa mgao huo ulibadilishwa baadaye Costello alipovuma.

Uangalie mchezo wao maarufu wa besiboli, ambamo Abbott anaeleza kwamba mchezaji wa kituo cha kwanza anaitwa Nani. Costello anauliza ni nani huyo, Abbott anaitikia kwa utulivu kwamba ndiye, na mkanganyiko unazidi mpaka Costello anapandwa na hasira. Utamu wote unatokana na Abbott kutoona tatizo lolote: anasema kweli tupu, na lau angetabasamu mara moja tu, mchezo ungekufa papo hapo. Yeye ndiye anayesubiri kicheko kitulie kabla ya kuleta neno linalofuata, na ndiye anayemrudisha mwenzake kwenye mada anapotangatanga.

Kwenu Arua kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa katika harusi moja wanaweza kuketi Walugbara, Wakakwa, Wanubi na wageni waliotoka Kampala, na swali lako, likitamkwa wazi kwa Kiswahili, ndilo linalowaonyesha wote ujinga wa mwenzako umeanzia wapi.

Zamu, hata hivyo, hubadilishika. Mchekeshaji mwingine wa Marekani, George Burns, alipoanza kuigiza na Gracie Allen katika miaka ya 1920, alijipangia yeye maneno ya kuchekesha. Watazamaji wakayacheka maswali ya Gracie kuliko majibu ya Burns, naye Burns akakubali kuwa mwenye kuuliza. Rafiki yako akishikilia dai lake, mwombe ashike nafasi yako katika sherehe moja, nawe ujifanye mjinga. Malipo yagawanywe nusu kwa nusu, na mkubaliane hivyo kabla ya kupokea fedha za harusi ijayo.