Prefe alikata jina ya Mungu mu maneno ya binti yangu

Swali: Yaya, jambo. Binti yangu ni finalisti ku masomo moja ya Leta hapa Lubumbashi, balimuchagula aseme kwa jina ya benzake ile siku ya kugawa babiletini. Ku mwisho akaandika "ninamushukuru Mungu na Mwokozi wangu Yesu", prefe, mukubwa wa masomo, akachukua biki akakata ile mustari, asema Leta ni laike (haina dini yake), dini ibakie ku kanisa. Lakini mu programu ya ile siku kuko pasteri wa kufungula, bantu bote basimame bainue mikono, na bajirani yetu Baislamu batakuwa pale na batoto yabo. Shi ile ni haki?
Mama wa Katuba

Jibu: Mama, barua yako ilinikasirisha, juu prefe anakataza kintu yenye haki na anaruhusu ile yenye shida. Ni kweli, Katiba ya 2006, artikle 1, inasema Leta ni laike. Lakini ile Katiba moja, artikle 22, inapatia kila muntu haki ya kuonyesha dini yake mbele ya bantu, peke yake ao na bengine, na artikle 23 haki ya kusema mawazo yake. Ata Prezida, siku ya kuapa, artikle 74 inamuapisha mbele ya Mungu na taifa. Sasa ye anamutaja Mungu pale, halafu mutoto aliyelala usiku na kitabu juu ya egzetati (egzamen ya Leta ya kumaliza masomo) ndiye banyamazishe?

Kintu ya kuangalia ni nani anasema. Binti yako akishukuru Mungu, ni ye anashukuru, hakuna muntu analazimishwa kuitika. Lakini masomo ikiita pasteri na kusimamisha bantu bote, pale ni Leta yenyewe inasalisha bantu, na mutoto wa jirani yako atafanya nini, atoke inje siku ya biletini yake? Marekani balifikishana ku tribinali juu ya mambo kama hii: mu 1992 Korti Kuu yabo ilikataza masomo ya serikali kuleta kiongozi wa dini aombe ku sherehe ya bafinalisti (ilikuwa rabi, mu Rhode Island), bajaji tano juu ya ine. Kisha mu 2022 ile Korti ikapatia haki koci mumoya wa masomo ya serikali ku Bremerton aliyekuwa anapiga magoti ku kiwanja kisha mechi, asema ni sala yake mwenyewe. Mi ile ya pili hainitulize, juu bachezaji beko chini ya mukono ya koci.

Na wewe pia mama, angalia: binti anasema kwa jina ya bengine. Aandike "mi ninashukuru", asiandike "sisi bote tunamushukuru Yesu", pale prefe angekuwa na haki ya kukata. (Ku masomo konvansyone, zile Leta ilirudishia makanisa mu 1977, sala iko mu maisha ya masomo, jibu yangu ingekuwa ingine.)

Ongea na komite ya bazazi, mumukute prefe mbele ya ile siku, na heshima, bila makelele, mumuombe mambo mbili pamoja: mustari irudie, na pasteri aombee bale banapenda, pembeni, sherehe haiyaanza. Usiombe ya kwanza ukaacha ya pili, juu mama jirani yako pengine anaogopa kuiomba peke yake. Pitia kwake kwanza, muende naye.